Askari Watano wa Kaloki

Kaloki Mbithi alikuwa mwalimu wa useremala anayeogopa kelele. Kama hujawahi kumwona mtu wa namna hiyo, ungekuja hapa mjini Wote umtazame: vijana thelathini wameshika nyundo, na kila mmoja wao akipiga msumari, mwalimu anafumba macho. Alikuwa mrefu, mwembamba, miaka arubaini na saba, shati amelifunga vifungo mpaka shingoni hata ule mwezi wa kumi ambao jua la Makueni linakukausha mate mdomoni. Mke wake Kanini na watoto walikaa nyumbani Mutomo, kule Kitui kusini, naye alienda kwao kila mwisho wa mwezi na kila chuo kilipofungwa. Kanisani kwao alikuwa mtu wa kuheshimika, anaongoza maombi ya alfajiri. Siku hizi anaheshimika zaidi. Watu wa Mutomo wanamsifu kwa jambo moja ambalo si la kweli, na ukimtoa yeye na mama yake, ninayejua ukweli ni mimi tu.

Mimi naitwa Muturi. Kwetu ni Murang'a, lakini nimekaa Wote miaka kumi na moja, nina duka la kuchapa na kutoa kopi karibu na soko. Na nina mchezo. Mwanamume mzima kusema ana mchezo inakwama kooni, kwa hiyo kwa miaka mingi sikuusema. Ni vita vya mezani. Una jeshi la askari wadogo, urefu wa kidole, na mwenzako ana lake. Mnapima kwa rula askari ametembea inchi ngapi, mnarusha dadu kujua kama mshale umepata au umekosa, na kuna kitabu cha sheria chenye kurasa mia na ishirini ambacho nilikitoa kwenye mtandao na kukichapa mwenyewe. Askari wangu wa kwanza walikuwa wa karatasi ngumu. Niliwapanga kwenye chumba cha nyuma, juu ya mlango mzee niliouweka juu ya makreti, na nilicheza peke yangu, mkono wa kulia ukipigana na wa kushoto.

Kaloki alikuja siku moja kuchapa mitihani. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, akachungulia, akasimama hapo mpaka watu wa foleni wakaanza kunung'unika.

"Hawa askari wako," akasema, "feni ikiwashwa wanakufa wote."

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu. Jumamosi iliyofuata alinijia na askari watatu aliowachonga kwa vipande vya mti wa mukau vilivyobaki karakana. Walikuwa na ngao, walikuwa na magoti, mmoja alikuwa na kitambi. Babu yake alikuwa mchongaji, na Wakamba hiyo kitu iko kwa mikono yao. Sisi watu wa Murang'a tulipewa mdomo. Miaka miwili baadaye tulikuwa na askari mia nne na punda kumi na wawili wa kubeba mizigo, na kila Jumamosi baada ya kufunga duka tulipigana mpaka tukasahau kula. Sijawahi kumwona mtu akicheka vile Kaloki alivyocheka siku wapanda farasi wangu waliponaswa kwenye bonde tulilotengeneza kwa sponji.

Lakini ule mchezo mkubwa unakula siku nzima, na Kaloki alikuwa na madaftari ya kusahihisha. Ndipo tukapata ule mdogo. Wachezaji wengi, nilisoma, huwa nao wa kando, wa kupumzikia ule mkubwa. Huu wetu ulikuwa na watu watano kila upande, dakika arubaini, unachezwa juu ya stuli saa ya chakula, na vyote vinaingia kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Tulianza kwa mzaha. Mwaka haukuisha, tukawa tunaupenda kuliko mama yake.

Sababu ni hii. Kwenye ule mkubwa askari hana jina. Wanakufa makumi kwa makumi na hakuna anayewalilia. Kwenye huu mdogo kila mmoja ana jina, na jeraha alilopata leo anakuja nalo kesho. Akiumizwa mguu, mchezo ujao anatembea nusu. Mimi ndiye niliyemshurutisha Kaloki awape wake majina. Yeye hakuwa mtu wa kubuni, akawapa ya watu wa kanisa lao: Musyimi mwinjilisti, Muindi mpiga ngoma, na wengine watatu wa kwaya. Aliandika majina kwa kalamu nyeusi chini ya miguu yao. Na jeraha tulikumbukaje? Tulifunga uzi mwekundu mahali palipoumia. Wazo la uzi lilikuwa langu. Nilijiona mwerevu.

Muindi wa mti alikuwa na bahati mbaya. Dadu ilimkataa mara tatu mfululizo, mguu ule ule wa kushoto, na Kaloki akamzungushia uzi mpaka paja likanona.

Tulikuwa wasiri, kila mtu kwa sababu yake. Jengo ninalopanga ni la Mzee Mutie, mzee wa kanisa hapa Wote, mtu mwema na mkali. Siku ya kunipa ufunguo aliniambia ndani ya jengo lake hataki pombe wala kamari, na kwake yeye dadu ni kamari, hakuna maelezo. Kaloki naye alimwonea haya mke wake. Kanini alikuwa mwanamke wa kazi, mashamba, mbuzi, vikundi, na Kaloki alisema afadhali amfumanie na mwanamke kuliko amkute amepiga magoti anapaka rangi mwanasesere. Nilicheka. Mficha uchi hazai, wanasema, lakini sisi wote wawili tulikuwa tumeficha na tulikuwa na furaha.

Mwezi wa nane chuo kilifungwa, Kaloki akaenda Mutomo na lile kopo, ndani wake watano tu, ili awapake rangi upya. Hakuthubutu kulipeleka nyumbani kwake. Aliliingiza kwa mama yake, Mwongeli, nyumba ya pili katika boma hilo hilo, akalisukuma chini ya kitanda. "Mwaitu, niwekee hii," alimwambia, yaani mama, na mama hakuuliza ni nini. Ana miaka sabini na nane. Kanisani kazi yake ilikuwa moja, na hakuna aliyewahi kuipigania naye: mtoto mchanga akiletwa mara ya kwanza, alipewa Mwongeli kwanza, amshike, amwombee, ndipo mchungaji ampokee. Watoto wa Kaloki walipita mikononi mwake hivyo. Nusu ya kwaya ilipita hivyo.

Sasa, huko kwao akina mama wa kanisa wana desturi nzuri. Wanazunguka kwa wajane wazee, wanafagia, wanachota maji, wanatoa vitanda nje vipigwe jua. Alhamisi moja wakafika kwa Mwongeli, Kanini akiwa mmoja wao. Wakainua kitanda, wakaona kopo, wakalifungua.

Jiweke mahali pao. Sanamu tano za watu, zimelala kwenye pamba. Chini ya kila moja jina la mtu unayemjua. Dadu za mifupa, maana Kaloki alizichonga kwa mfupa wa mbuzi, mjinga yule, eti zinaviringika vizuri. Na sanamu yenye jina la Muindi imefungwa uzi mwekundu mguu wa kushoto, wakati Muindi mwenyewe, tangu mwezi wa saba, alikuwa amelala nyumbani na plasta baada ya kuanguka na bodaboda. Mguu gani? Wa kushoto. Kule wana neno, kamuti, yaani ule uchawi wa kumfunga mtu, na neno hilo likisemwa hakuna anayeketi tena. Mama mmoja alipiga kelele mpaka mbuzi wakatawanyika.

Mchungaji alifika, wazee wa kanisa wakafika, Kaloki akafika mbio kutoka shambani. Aliona kopo limemwagwa juu ya gunia. Mchungaji akauliza, "Mama, hivi vitu ni vya nani?"

Kaloki alinieleza hapa hapa dukani, ameshika ukingo wa stuli. Alisema mama yake hakumjibu mchungaji haraka. Kwanza alimtazama yeye. Kaloki alifungua mdomo. Alitaka kusema ni zangu, ni mchezo, lakini aliona nyuso zote, Kanini amejishika kifua, wanafunzi wake wawili wa zamani kwenye ua, na hilo neno mchezo likawa gumu kuliko uchawi. Mdomo ukajifunga wenyewe. Mama yake aliona unavyojifunga.

"Vimetoka chini ya kitanda changu," Mwongeli akasema. "Ni vyangu."

Walimpigisha magoti. Walimwombea kwa muda wa saa tatu, wamemwekea mikono kichwani, na sanamu wakazichoma mbele yake, na Kaloki akasimama karibu na mlango muda wote huo. Jumapili ikatangazwa kwamba Mama Mwongeli atapumzika kutoka huduma ya watoto.

"Nilisimama tu, Muturi," aliniambia. "Mamangu amepiga magoti kwa mavumbi, na mimi nimesimama."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilimwambia bila kufikiri, "Si urudi useme ukweli? Ni kitu ya dakika moja."

"Hawataamini. Watasema namfichia mama."

"Waambie wanipigie mimi. Niulizwe. Mimi niko na jeshi mzima hapa kwa nyuma, nitawaambia hadi sheria za kupiga mshale."

Akanikazia macho. "Utasema, ama unanibeba mjinga?"

"Mia kwa mia, mwalimu."

Jumamosi ya tatu ya mwezi wa tisa, saa nne asubuhi, simu ikalia. Nilijua ni ya nini, tulikuwa tumepanga hata saa. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno yangu wakati nikinyoa ndevu. Lakini Mzee Mutie alikuwa amesimama mbele ya kaunta, miwani juu ya paji la uso, akingoja kopi za mpango wa harambee ya kanisa. Nyuma yake kulikuwa na akina mama wawili wa soko na karani wa kaunti. Printa ilikuwa imenyamaza. Nikaipokea.

"Bwana asifiwe. Huyu ni Muturi wa Wote?" Sauti ilikuwa nzito, na nyuma yake nilisikia watu wengi wakihema. "Mimi ni mchungaji. Tuko kikao na ndugu yetu Kaloki, na simu iko kwa spika. Anasema ile mifano ya watu ilikuwa yake, ya mchezo fulani na dadu, anacheza na wewe huko kwa duka yako. Ni ukweli?"

Sauti yake ilikuwa ya watu wa mahubiri, ilijaza duka. Mzee Mutie akateremsha miwani machoni. Nakumbuka kila kitu. Nakumbuka kwamba mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa umefungwa, na kwamba nilitazama kama umefungwa.

"Kaloki namjua," nikasema. "Ni customer. Huwa namchapia mitihani."

"Hakuna mchezo?"

"Hapana, pasta. Hapa ni karatasi tu."

Nikasikia mtu akisema kwa mbali "Asifiwe Mungu," na mwingine, na halafu makofi. Sikuelewa makofi yale mpaka baadaye. Mzee Mutie aliniuliza huyo ni nani, nikamwambia ni watu wamechanganya namba. Akasema siku hizi matapeli ni wengi hata makanisani, akachukua kopi zake.

Kaloki alinipigia jioni. Nilitaka anitukane, nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, tena nilikuwa na majibu. Hakunitukana. Aliniambia kwa ile sauti yake ya chini kwamba baada ya simu mchungaji alisimama akasema, ndugu zangu, tazameni mtoto anayempenda mama yake, yuko tayari kuchafua jina lake na kudanganya mbele ya kanisa ili abebe dhambi ya mzazi. Wakampigia makofi. Wazee wakamkumbatia mmoja mmoja. Kanini alilia, akamshika mkono mbele za watu, kitu ambacho hajawahi kufanya.

"Na mama?"

"Alikuwa amekaa nyuma. Benchi yake hakuna mtu anaikalia." Halafu akaongeza, "Usijali, Muturi. Nakuelewa. Si hata mimi nilifunga mdomo?"

Nakuelewa. Angenipiga ngumi ingekuwa nafuu. Tangu hapo hakuja tena dukani. Mitihani anachapia kwingine, na nikimwona sokoni ananiamkia vizuri, ananiuliza watu wa Murang'a wako salama, anapita.

Nilivumilia wiki saba. Nilisikia kwa mtu wa Mutomo aliyekuja kuchapa barua kwamba mtoto wa Musyimi alizaliwa na kupelekwa kanisani, na Mama Mwongeli alipoinuka kwa mazoea, na mikono ameinyoosha, mzazi alirudi nyuma hatua mbili na mtoto wake. Mbele ya watu wote, mikono hewani. Siku hiyo nilishindwa kula. Kesho yake nilitia askari sita kwenye mkoba pamoja na kitabu cha sheria, nikafunga duka, nikaenda Mutomo kumtafuta mchungaji. Lakini niliona si adabu kumpita mama mwenyewe, kwa hiyo nikaulizia kwake kwanza.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachambua pojo. Mdogo kuliko nilivyodhani.

"Shikamoo mama. Mimi ni Muturi, natoka Wote."

"Wa simu," akasema.

"Ndio, mama."

Alinitazama kama mtu anayetazama mawingu asiyoyatarajia. Halafu akaingia jikoni, akatoka na chai kwenye kikombe cha bati, akanipa kwa mikono miwili. Nikamwambia nimekuja kuona mchungaji, nimekuja na ushahidi, nitasema yote, na yangu pia. Nikamwonyesha askari mmoja. Akamgeuza, akamtazama kitambi, akacheka kidogo.

"Huyu ni baba ya Kaloki kabisa," akasema. Akanirudishia. "Sasa mwana wakwa, ukishasema, watajua nini?"

"Watajua si wewe."

"Hiyo ni ya kwanza. Ya pili?"

Nikamrudisha yule askari mkobani.

"Ya pili wataulizana, ile siku mama yake alipigishwa magoti, huyu Kaloki alikuwa wapi? Na walimwona. Alikuwa hapo kwa mlango." Aliokota kokoto kwenye pojo, akaitupa. "Saa hii ako na jina ya mtoto anapenda mama. Bibi yake anamheshimu. Wewe unataka kumnyang'anya hiyo, abaki na gani? Mimi nimezeeka. Hata huo uchawi wenyewe sitakaa nao siku mingi."

"Lakini mama, wanakukataza watoto."

Hapo mikono yake ilisimama kwenye ungo. Niliona limempata. Halafu akaendelea kuchambua.

"Wangu nilishika wote," akasema. "Kunywa chai, inapoa. Halafu urudi kwa kazi yako. Na hiyo bag usiifungue hapa Mutomo."

Nimeandika mpaka hapa ili niseme neno moja, na ndilo linalonichoma. Nilifurahi. Mbele ya huyo mama nilitikisa kichwa kwa huzuni, nikasema haya basi mama kama umeamua, na ndani yangu kitu kilichokuwa kimekaza kikalegea, nikaona sura ya Mzee Mutie, nikaona ufunguo wa duka bado uko mfukoni mwangu. Nikanywa chai yote. Ilikuwa tamu, aliitia tangawizi, akaniongeza nusu kikombe.

Nilipotoka kwenye boma, mtu alikuwa amesimama barabarani na fimbo, kijana wa miaka thelathini hivi, uso wa upole. Aliniamkia kwa heshima, akaniuliza kama natoka kwa yule mama. Nikasema ndiyo.

"Wewe si mtu wa huku."

"Natoka Wote."

"Ndio maana. Wenyeji hatuingii hapo." Akagonga goti lake la kushoto kwa fimbo. "Mimi ndio Muindi. Hii mguu ni yeye. Tulisamehe, unajua, sisi ni watu wa wokovu. Lakini kitu ya kuingia kwa mdomo, hapana. Hajakupea kitu? Hata chai?"

Mkoba ulikuwa begani mwangu. Askari sita walikuwa ndani yake, na kitabu cha kurasa mia na ishirini. Ladha ya tangawizi ilikuwa bado kwenye ulimi.

"Hapana," nikamwambia. "Sikunywa kitu."

Akashukuru Mungu, akanisindikiza mpaka stendi akichechemea.